Wazee Kumi na Tisa wa Bi Chanzo

Katika ghorofa ya tatu ya kampuni ya dawa, mwisho kabisa wa korido, baada ya choo na kabla ya stoo ya karatasi, kulikuwa na chumba ambacho wauzaji walikiita Forodha. Hakuna karatasi iliyopita pale bila kufunguliwa mizigo. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili, kabati la mafaili ambalo halijafunga sawasawa tangu lilipohamishwa, muhuri mmoja wa wino wa zambarau, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kumtazamia mtu anayesema ana haraka.

Wazazi wake walimpa jina, nalo liko kwenye mkataba wake, lakini pale kazini halikuwa na kazi. Walimwita Bi Chanzo. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, kwa sababu kila sentensi iliyoletwa mezani pake aliiandikia pembeni, kwa penseli, neno lile lile na alama ya kuuliza. Umeandika dawa inafanya kazi upesi: Chanzo? Umeandika madaktari wengi wanaikubali: Chanzo? Wauzaji walipenda kusimulia kwamba mwenzao mmoja alimpelekea kadi ya harusi iliyosema "sherehe itakayofana sana", ikarudi na penseli. Bi Chanzo alikanusha. Alisema alichoandika kwenye kadi ile ni "Itajulikana."

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuipenda. Kampuni ya dawa hairuhusiwi kumwambia daktari jambo isiloweza kulithibitisha. Hilo hata mlinzi wa getini alilijua. Lakini ziko karatasi ambazo daktari hazioni kamwe. Ni zile wanazopewa wauzaji wenyewe vikaoni, kufundishwa dawa mpya ni ipi, inashindana na ipi, na daktari akiuliza hivi ajibiwe vipi. Juu yake huandikwa kwa herufi kubwa KWA MATUMIZI YA NDANI TU. Watu wengi, mkono ukishaandika maneno hayo, hupumua kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Wanaanza kuandika wanavyotamani. Mwongozo wa kampuni ulikuwa umesema wazi, ukurasa wa kumi na nne, kwamba karatasi za ndani zipimwe kwa mizani ile ile ya karatasi za nje, na zisichapwe kabla ya kupigwa muhuri. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa ukurasa ambao watu huufikia wakiwa wamechoka.

"Chumba cha ndani kina mlango," Bi Chanzo alikuwa akiwaambia, "na hao mnaowafundisha hawalali humo."

Asidhani mtu kwamba alizaliwa na ukali huo. Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa mkaguzi kama wakaguzi wengine: anasoma, anatafuta chanzo cha kila sentensi, chanzo kipo, muhuri, na aje mwingine. Siku moja akapitisha karatasi ya ndani kuhusu dawa ya maumivu ya viungo. Ilikuwa na sentensi inayosema kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye figo dhaifu hakuna aliyepata matatizo. Akautafuta utafiti, akaukuta, akahakikisha: kweli, hakuna. Kwamba wagonjwa wenyewe wenye figo dhaifu walikuwa wanne tu, hilo nalo aliliona, ila sentensi haikuwa na kosa. Akapiga muhuri.

Miezi mitano baadaye mama yake mzazi, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua na figo zake hazikuwa za kuringia, alirudi kutoka kliniki na pakiti ya dawa hiyo hiyo. Ndani ya wiki miguu ilivimba hadi kandambili zikamkataa. Bi Chanzo aliitupa pakiti, akampeleka hospitali nyingine, na mama alipopata nafuu akaanza upelelezi.

"Mama, nani alikwambia dawa hii haina shida na figo?"

"Daktari. Kijana wa watu, ana adabu kuliko wewe."

Akaenda kwa daktari. Daktari akasema ameambiwa na muuzaji. Akaenda kwa muuzaji, mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi na dhamiri safi, naye akamtazama kwa mshangao. "Si ipo kwenye ile karatasi ya kikao, dada? Ile yenye muhuri wako?"

Maisha yake yote alikuwa akiwatuma watu kutafuta chanzo. Mara hiyo alikifuata mwenyewe hatua kwa hatua, na alipofika mwisho wa njia akajikuta amesimama pale yeye.

Mama alipona kabisa, na huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe, maana mtu mzima akipona husimulia. Hadi leo, akiwa na miaka themanini na minne, wageni wakimuuliza hali huinua kanga kidogo, huwaonyesha vifundo vya miguu visivyo na neno, na kusema: "Hivi mnavyoviona viliwahi kuvimbishwa na mwanangu. Kwa muhuri."

Kutoka hapo Bi Chanzo alibuni njia yake, ambayo haikuwa kwenye ukurasa wa kumi na nne wala mwingine wowote. Aliona kwamba kosa halikuwa katika kilichoandikwa, lilikuwa katika kilichobaki kichwani baada ya kusomwa. Basi akaanza kupima kinachobaki. Na kipimo chake kilikuwa Mama Birika.

Mama Birika ndiye aliyekuwa akipika na kugawa chai katika ghorofa zote nne, mwanamke mpana, mwenye aproni yenye mifuko miwili na maoni kuhusu kila idara. Saa nne asubuhi, akileta kikombe, Bi Chanzo humkaribisha kiti cha pili na kumsomea karatasi ya siku, kwa sauti, mara moja tu, bila kueleza. Saa kumi alasiri, akija kukusanya vikombe, humuuliza: "Ile ya asubuhi, umebaki na nini?" Anachojibu Mama Birika huandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi. Kikiwa kweli, karatasi hupita. Kikiwa uongo, hurudi ilikotoka, hata kama kila sentensi yake ina chanzo, tarehe na namba ya ukurasa.

"Karatasi inayosema kweli ikasikika uongo," alisema, "ni uongo wenye vyeti."

Mama Birika aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Alikuwa mkosoaji mkali. "Hii ya leo imenichosha," angesema, "ina namba nyingi kama tangazo la minada." Au: "Hii nimeielewa. Ila sikuiamini."

Sasa basi. Jumatano moja, zikiwa zimebaki wiki mbili mkataba wa Bi Chanzo uishe, Mkuu wa Mauzo aliingia Forodha bila kubisha hodi, mkononi ana kadi.

Huyu Mkuu wa Mauzo waliokuwa chini yake walimwita Bwana Lengo, kwa sababu hakuwahi kumaliza kikao bila kuwauliza lengo lao ni nini, na hakuwahi kungoja jibu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mchangamfu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alianza kazi kama muuzaji wa kawaida, akibeba mkoba, na Bi Chanzo ndiye aliyemfundisha kusoma jedwali la utafiti. Siku za kawaida alimwita "Bi mkubwa." Siku akiwa na shida alimwita "mama."

"Mama," alisema.

"Keti, mwanangu. Shida gani?"

"Hakuna shida kabisa. Kidonge kipya cha presha. Ijumaa saa tatu nina wauzaji sitini ukumbini, wanatoka matawi yote. Hii ndiyo kadi yao. Inahitaji muhuri tu."

"Tu," alisema Bi Chanzo, akabadilisha miwani.

Kadi iliitwa *Akiuliza Hivi, Mjibu Hivi*. Ilikuwa na maswali saba ambayo madaktari hupenda kuuliza, na majibu saba. Sita yalikuwa mazuri; Bi Chanzo aliyasoma akitikisa kichwa kwa kukubali, jambo ambalo wauzaji hawakuwahi kulishuhudia. La tano liliuliza: *Je, kwa wazee?* Na jibu: *Wazee waliokunywa kidonge hiki, hakuna hata mmoja aliyeanguka.* Pembeni palikuwa na picha ya mzee mwenye mvi safi akipanda ngazi mbili mbili, mjukuu mabegani.

"Huyu babu alikuwa kwenye utafiti?"

"Ni picha tu, mama."

"Na mtoto je? Naye alipimwa presha?"

"Mama."

"Niachie. Kesho asubuhi nitakujibu."

Alitoa utafiti kabatini. Watu mia tisa sitini na wawili walikuwa wamepewa kidonge. Katika kila kumi na wawili, mmoja alilalamika kizunguzungu akisimama. Waliozidi miaka sabini na mitano walikuwa kumi na tisa, nao walifuatiliwa kwa wiki nane. Kati yao hakuna aliyeanguka. Sentensi, kwa hiyo, ilikuwa kweli tupu. Bi Chanzo aliitazama kwa muda, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyewahi kumuibia.

Saa nne akamsomea Mama Birika. Saa kumi akamuuliza umebaki na nini.

"Kidonge cha wazee," alisema Mama Birika, akifuta kitako cha kikombe. "Hakiangushi."

"Na mengine sita?"

"Yapo yapo. Mimi yule babu wa ngazi ndiye niliyemuelewa." Akasimama mlangoni. "Na kinapatikana wapi hicho?"

"Bado hakijaanza kuuzwa."

"Aa," alisema Mama Birika, akaenda na trei yake, na Bi Chanzo, aliyekuwa akiandika nyuma ya kadi, hakulitilia maanani swali lile. Tuliseme hapa, kwa kuwa tunamsifu na sifa zisizo na kasoro nazo hudai chanzo: hapo alipitwa.

Alhamisi asubuhi alimrudishia Bwana Lengo kadi. Jibu la tano lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, na pembeni: *Kweli, lakini ni wazee kumi na tisa, kwa wiki nane. Iandikwe hivyo au isiandikwe. Babu ashuke ngazi.*

Bwana Lengo aliisoma amesimama. Halafu akaketi.

"Haiwezekani, mama."

"Kwa nini?"

"Tumeshaziandaa."

"Mmeziandaa, au mmezichapa?"

"Tumeziandaa... kwa mashine ya kuchapa."

"Ngapi?"

"Mia mbili."

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa mezani, umefunguliwa, kwa sababu ulikuwa hufunguka wenyewe.

"Mama, nisikilize vizuri." Aliinamia meza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liandikwe. Alikuwa mtu aliyeahidi. "Karatasi haitoki. Ni ya ndani. Wauzaji wamesaini kwamba hawampi mtu. Na wewe mwenyewe umeandika hapa neno la kwanza kabisa: *Kweli*. Sasa unakataa kweli?"

"Nakataa itakavyosikika."

"Na nani? Mpika chai?"

"Anasikia vizuri."

Bwana Lengo alivuta pumzi, na sauti yake ikashuka. "Mkataba wako uko mezani kwa Mkurugenzi. Umeomba miaka miwili, nimesikia. Ataniuliza mimi. Atasema, huyu mama tumwongeze au tumpumzishe? Nami ningependa nimjibu vizuri."

Hapo ndipo palipouma. Bi Chanzo hakuogopa kustaafu kwa sababu ya njaa. Alikuwa na nyumba, na kuku, na dada wenye huruma. Aliogopa kwa sababu hakuwa na kitu kingine alichokijua vizuri namna hii, na kwa sababu kustaafu kulimaanisha kushinda nyumbani na mama yake kuanzia asubuhi hadi jioni, wanawake wawili wa tabia moja, na mmoja wao ana habari za miguu. Aliutaka mkataba ule. Aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu alipotaka nafasi ya kuingia chuo.

"Akikuuliza," alisema, "mwambie kweli. Na uweke chanzo."

Kisha akavua miwani ya kumtazamia mtu, akavaa ya kusomea. "Lete maboksi. Karatasi isiyo na muhuri inahesabiwa na kuharibiwa mbele ya mashahidi wawili. Na mimi ni mmoja."

Maboksi yalikuja. Wakahesabu wawili, uso kwa uso, juu ya meza ile, kama watoto wanaogawana kokwa. Zikatoka mia moja tisini na saba.

"Zimebaki tatu," alisema Bi Chanzo.

"Karatasi tatu tu!"

"Mmesema hazitoki."

Moja ilipatikana kwa mchoraji aliyeitengeneza, amejiwekea kumbukumbu kwa sababu alimpenda babu. Ya pili ilitoka, baada ya kusitasita kidogo, mfukoni mwa shati la Bwana Lengo mwenyewe. Ya tatu haikuonekana. Waliitafuta kwenye ofisi ya mauzo, chini ya projekta, ndani ya begi la fulana za kikao, mpaka nyuma ya mashine ya kuchapa palipokuwa na kandambili moja ya mtu asiyejulikana. Hola.

Saa kumi kasoro Bwana Lengo alichoka kutafuta, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, na Bi Chanzo akamfuata, kwa kuwa hakuna lenye kukera kama kusemwa ukiwa haupo.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole asiyependa makelele. Mazungumzo yakianza kupinda, hupanga kalamu zake mezani zikae sambamba. Bwana Lengo alipoanza kueleza, kalamu zilikuwa nne na zimetawanyika. Alipofika kwenye wauzaji sitini, ukumbi uliokwisha kukodiwa, na Ijumaa saa tatu, zilikuwa zimenyooka kama askari.

"Na sababu yake yote," Bwana Lengo alimalizia, "ni kwamba mama wa chai hakuielewa."

"Aliielewa," alisema Bi Chanzo. "Ndiyo sababu."

Mkurugenzi alimtazama. "Bi Chanzo, ni kweli unapima nyaraka za kampuni kwa mama wa chai?"

"Ndiyo, mkubwa. Miaka kumi na miwili."

"Haiko kwenye mwongozo."

"Haiko. Lakini daktari ana wagonjwa arobaini nje ya mlango. Anamsikiliza muuzaji kwa dakika tatu, akiwa anaandika. Haondoki na karatasi kichwani, anaondoka na masalio yake. Nami nikaona bora niyaone masalio kabla yake."

Mkurugenzi aligusa kalamu ya kwanza. "Lakini hii ni ya ndani. Mwenzako ana hoja. Haitamfikia daktari wala mgonjwa. Tusipige kelele kwa karatasi iliyomo kabatini." Akavuta kwake bahasha ya rangi ya kaki, na Bi Chanzo akaliona jina lake, lile la wazazi, limechapwa juu yake. "Saini hii moja, halafu toleo lijalo mtarekebisha. Nami nitasaini ya kwangu. Tutakuwa tumemaliza wote."

Yeye hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Bi Chanzo aliitazama bahasha. Aliitazama kwa muda ambao baadaye alikiri ulikuwa mrefu kuliko unavyofaa.

"Siwezi, mkubwa," alisema. "Nilishasaini moja ya namna hii. Mama yangu anaisimulia mpaka leo."

Mlango ukafunguliwa kwa kiwiko. Aliingia Mama Birika na trei, akaweka kikombe cha kwanza kwa Mkurugenzi, bila kujali mazungumzo, maana chai haingoji.

"Mama," Mkurugenzi alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyeona njia ya kupumzika. "Hebu tusaidie. Kile kidonge alichokusomea Bi Chanzo jana. Ni cha nini?"

"Cha wazee," alijibu Mama Birika papo hapo. "Kile kisichoangusha. Na bora umekitaja, bosi, maana nilitaka kuuliza kitaanza lini." Akaweka sukari, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua kwa uangalifu mezani, katikati ya kalamu. Babu alikuwa bado anapanda ngazi. "Nilichukua moja nilipopita na vikombe kwenye mashine, si zilikuwa nyingi? Ni ya baba mkwe. Kesho asubuhi ana kliniki, nimwambie ampe daktari asome mwenyewe, maana yeye akieleza husahau."

Kalamu moja ilibingirika, na Mkurugenzi hakuirudisha.

"Baba mkwe ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Themanini na mmoja. Mwaka jana alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Ndiyo nikasema hiki kitamfaa. Hakiangushi." Aliwaangalia mmoja mmoja. "Nimekosea? Kama ni kuiba karatasi nisamehewe, nilidhani ni ya kugawa."

Bi Chanzo alisimama, akamshika mkono. "Hujaiba kitu, ndugu yangu. Kosa langu, uliniuliza jana sikukujibu sawasawa. Kidonge kile kilijaribiwa kwa watu wengi, lakini wazee walikuwa kumi na tisa tu. Wiki nane. Hatujui kama kitamfaa baba mkwe."

"Kumi na tisa?" Mama Birika alishangaa kwa dhati. "Hao hata kwenye foleni ya kliniki hawajazi benchi mbili!"

"Hawajazi."

"Sasa mbona mmemchora anakimbia?"

Swali hilo alimuuliza Bwana Lengo, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na sukari. Bwana Lengo alikuwa mtu mwenye majibu saba yaliyochapwa mara mia mbili, na hakuna hata moja lililofaa.

"Sijui, mama," alisema mwishowe. Safari hii "mama" hiyo ilikuwa ya heshima tu, haikuomba kitu.

Kadi zote mia mbili ziliharibiwa jioni ile, kwenye mashine ya kukatakata karatasi, ambayo ilikula mia moja na thelathini ikakabwa, wakamalizia kwa mkasi. Bwana Lengo alikata babu wengi zaidi. Alikunja mikono ya shati, pasi ikaharibika, na wakati akikata akawa anatamka jibu jipya la tano kwa sauti huku Bi Chanzo akiandika, akifuta, akiandika tena. Hawakuchapa kadi nyingine. Hapakuwa na muda. Waliandika ukurasa mmoja kwenye kompyuta. Mama Birika alisomewa kabla hajapanda gari la kurudi kwao.

"Umebaki na nini?"

"Kwamba kwa wazee hamjui. Mnataka daktari aangalie mwenyewe kwa makini." Alifikiri. "Haipendezi. Lakini nimeiamini."

Muhuri wa zambarau ukapigwa.

Ijumaa saa tatu ukumbi ulijaa. Wauzaji sitini, fulana mpya, vicheko vya watu ambao hawajaonana tangu mwaka jana. Kama ilivyo desturi ya vikao vyao, waliitwa wawili wawili mbele, mmoja awe daktari, mwingine awe yeye mwenyewe. Bi Chanzo alikaa nyuma, karibu na mlango. Ikafika zamu ya muuzaji mmoja mrefu, bingwa wa mwaka uliopita, mtu anayesemekana aliwahi kumuuzia daktari dawa ya kikohozi naye daktari akaanza kukohoa.

"Na kwa wazee je?" aliuliza "daktari" wake.

Bingwa aliutazama ukurasa. "Daktari," alisema, "hatujui vya kutosha. Waliojaribiwa ni kumi na tisa, kwa wiki nane. Hawakuanguka, lakini ni wachache. Wengine walipata kizunguzungu, mmoja katika kumi na wawili. Ukiwa na mgonjwa mzee, nitakupa namba ya mfamasia wetu, uulize yeye."

Waliokuwa ukumbini walikuwa watu waliofundishwa njia kumi na sita za kusema ndiyo. Mkono mmoja ukainuka katikati.

"Samahani, Bi Chanzo. Tukishamwambia daktari hatujui, siku hiyo tunakuwa tumeuza nini?"

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Bi Chanzo, ambaye hakuwa ameombwa kusema, aliinuka nusu.

"Mmeuza siku mtakayorudi," alisema, akakaa.

Bwana Lengo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wengine walifuata, baadhi yao kwa kusadiki, baadhi kwa kuwa bosi amepiga. Idadi ya kila kundi haijulikani, na hapa hatutabahatisha.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alimuita Mkuu wa Mauzo na kumuuliza lile swali lililotarajiwa. Jibu lilivuja, kama yavujavyo mambo ya ndani: "Anachelewesha kila kitu. Nataka abaki." Bahasha ya kaki ikaletwa Forodha. Ndani mlikuwa na mkataba, wa mwaka mmoja badala ya miwili, na barua iliyoanza hivi: *Kwa kutambua mchango wako usio na kifani katika kampuni hii...*

Jioni ile alimwonyesha mama yake. Mama aliisogeza barua mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mwaka mmoja," alisema. "Wangekujua kama ninavyokujua wangekupa miezi sita." Halafu akaikunja vizuri, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, na wageni walipokuja Jumapili ndiyo iliyotolewa kwanza, kabla ya miguu.

Lakini hiyo ilikuwa nakala. Ile asili Bi Chanzo alikuwa ameirudisha kwa Mkurugenzi siku ile ile, pamoja na mkataba usio na saini. Chini ya maneno *usio na kifani* palikuwa na mstari wa penseli, na pembeni: *Chanzo?*

Ilirudi kesho yake. Mkurugenzi naye alikuwa ametafuta penseli. Aliandika chini: *Mama Birika, ofisini kwangu, Alhamisi saa kumi.*

Bi Chanzo alilisoma jibu hilo mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa miwani isiyohusika. Alikubali kwamba chanzo kipo, kina siku na saa. Ila kilikuwa kimoja tu, na kwa dai kubwa namna ile chanzo kimoja hakitoshi. Akachukua rula, akayakata maneno yale matatu, akabakiza *mchango wako*, akasaini.